Maswali ya Wasomaji: Kupumzika Kazi Ikiwa Haijaisha

SWALI: Kila wiki naazimia kuitunza siku ya mapumziko, lakini ikifika saa 6 mchana nimeshajibu ujumbe wa kazini, nimefua na nimepanga kabati. Jioni nimechoka kuliko siku ya kazi. Nakosea wapi?

JIBU: Tatizo linaanza siku mbili kabla. Marko 15:42 inaitaja siku inayoitangulia Sabato kwa jina lake: Maandalio. Na katika Kutoka 16, Waisraeli waliokota mana, chakula walichopewa na Mungu jangwani, mara mbili siku ya sita. Waliotoka kuitafuta siku ya saba hawakuona kitu. Anayeingia mapumzikoni bila kujiandaa atalazimika kutoka kuokota, na akishatoka mara moja hatarudi kutulia.

Gawa maandalio. Siku mbili kabla, fua, piga pasi, nunua mahitaji, lipa kinachodaiwa. Siku moja kabla, fagia na upike vyakula vya kupasha moto tu. Ukiyarundika yote dakika za mwisho utaianza siku ukihema, na mwili ulio mbioni hausimami kwa kuwa tu saa imefika. Nusu saa ya mwisho ibakishie kazi moja: andika kwenye karatasi kila ulichoacha njiani, na kando yake hatua ya kwanza utakayoanza nayo ukirudi. Usiandike “paa”, andika “kumpigia fundi simu asubuhi”. Jambo lisilo na hatua litaendelea kukuzunguka kichwani. Omba juu ya karatasi hiyo, ikunje, ifungie kwenye droo.

Unaacha kazi kwa sababu saa imefika. Ukisubiri iishe hutapumzika kamwe, maana kazi haiishi. Angalia Mwanzo 1: “ikawa jioni, ikawa asubuhi”. Siku inaanza kwa giza na usingizi, kazi inafuata. Tena mwanadamu aliumbwa siku ya sita, kwa hiyo siku yake nzima ya kwanza ilikuwa ya pumziko, kabla hajalima hata tuta moja. Hakuifanyia kazi; alipewa. Ndiyo maana tunashauri uanze saa 12 jioni na umalize saa 12 jioni inayofuata: sehemu kubwa ya saa zako za kwanza utazipokea ukiwa umelala, huku Mungu akiendelea kuishika dunia bila msaada wako.

Simu izime na uiache chumba kingine. Kuiondolea sauti hakutoshi. Ikiwa mfukoni mkono utaichungulia tu. Wanaoweza kukuhitaji kwa dharura waambie mapema wampigie nani nyumbani.

Kama hujawahi, usianze na saa 24. Shika saa 4 kwa wiki nne, kisha 12, kisha siku nzima. Huenda baada ya muda mfupi ukakosa raha, kama mtu aliyesahau kitu mahali. Wengi huangukia hapo: wanawasha filamu tatu mfululizo na kuamka wazito. Hali hiyo humpata aliyezoea kujipima kwa alichokamilisha, na hupungua akiivumilia. Tembea polepole, soma Zaburi 92, ambayo kichwa chake kinasema ni wimbo wa siku ya Sabato, au lala bila kujilaumu.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu. Siku ambayo wote wanapumzika, mimi ndiyo siku yangu ngumu kuliko zote. Nifanyeje?

JIBU: Mwonyeshe mwenzio Kumbukumbu la Torati 5:14. Amri inataja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni, kisha inatoa sababu: watumishi wapate kupumzika kama wewe. Mstari wa 15 unawakumbusha Waisraeli kwamba walikuwa watumwa Misri. Kwa hiyo nyumba inayopumzika juu ya mgongo wa mtu mmoja haijaitunza Sabato, hata ikiimba nyimbo kutwa nzima. Tunalisema kwa uzito kwa sababu kosa hili ni la kawaida mno na huitwa wema wa mama.

Kaeni siku tatu kabla mgawane kazi kwa majina. Chakula kiwe kimoja, kilichopikwa jana. Kila mwenye umri wa kushika sahani aoshe yake. Wazazi wapeane zamu ya saa 2 au 3 za kuwa peke yao bila kuitwa, na zamu ya kwanza iwe yako. Wageni wakaribishwe, ila waambiwe kabla kwamba watakula kilichopo. Vumbi litabaki. Liache.

SWALI: Nafanya kazi ya uuguzi kwa zamu, na mara nyingi nakuwa zamu siku ya ibada. Je, navunja Sabato?

JIBU: Hapana. Yesu aliponya siku hiyo, na katika Mathayo 12:5 alikumbusha kwamba makuhani hufanya kazi hekaluni siku ya Sabato wala hawana hatia. Wakristo wanatofautiana kuhusu Jumamosi na Jumapili, na Warumi 14:5 inamtaka kila mtu athibitike akilini mwake. Lakini kazi halali haikuondolei hitaji la kupumzika.

Siku ratiba ya zamu inapotoka, kabla hujakubali kubadilishana na mtu, zungushia saa 24 zako za wiki hiyo. Ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza, kisha anza kuhesabu ukiamka. Vinginevyo pumziko lote litakwisha kwa kufidia usingizi. Zisipopatikana saa 24 mfululizo, chukua 12 mara mbili. Usiweke deni la kupumzika siku nne mfululizo mwisho wa mwezi: mana iliyowekwa akiba bila agizo ilioza na kuingia mabuu kufikia asubuhi.