Ukiwa mfupi, angalia urefu wa koti kwanza

Kimo changu ni futi 5 na inchi 5, na suti naivaa sana: kanisani, harusini, mazishini. Naona wanaume wengi wa kimo hiki hapa Kisumu wakinunua koti kwa kipimo cha kifua. Kifua kikikaa sawa, wanalipa. Ndugu yangu, tazama urefu kwanza. Simama wima, koti lifunike makalio na liishie hapo hapo. Likifika katikati ya paja, limekumeza miguu.

Tena koti refu ni gumu kuliokoa. Fundi atapandisha pindo, lakini mifuko itabaki palepale. Akipunguza zaidi ya sentimita 3 hivi, mifuko inakaribia ukingo wa chini, na hata asiyejua cherehani ataona kuna kitu hakijakaa.

Ndiyo maana Jumapili pale Kibuye, kabla ya kupatana bei ya mtumba, nasoma kibandiko cha ndani. Ukiona 38S au 40S, hilo ni koti la kifua cha inchi 38 au 40 lililokatwa kwa ajili ya mtu mfupi tangu kiwandani: mikono mifupi, kifungo na mifuko vimepandishwa. Makoti ya Ujerumani ya watu wafupi huandikwa 24, 25 au 26. Usiyaache ukidhani ni ya watoto. 25 ni saizi 50 ya Ulaya, karibu na 40 ya inchi, iliyokatwa kwa ajili ya mtu mfupi.

Mabega nayo hayana mjadala. Mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Bega likizidi, lirudishe kwenye rundo, kwa sababu kulirekebisha ni kufumua mkono na bitana, na gharama yake inaweza kushinda bei ya koti lenyewe. Mikono ni kazi nyepesi: ipunguzwe hadi shati lichungulie kidogo. Ila kama matundu ya vifungo vya mkono yamekatwa kweli, itabidi ipunguzwe kuanzia begani.

Wapo wanaoamini kwamba mtu mfupi lazima abane kila kitu. Sikubaliani nao kabisa. Koti linalobana huvuta mikunjo pale kwenye kifungo, na jicho la mtu huishia tumboni badala ya kupanda usoni.

Suruali ivae kiunoni, isishukie nyongani, na iwe ya kitambaa kile kile cha koti, maana rangi ikibadilika katikati inakugawa vipande viwili. Pindo liguse kiatu bila kulaliana, na lisikunjwe kwa nje. Kwa joto letu chagua sufu nyepesi. Inashuka vizuri hata jua likiwa kali.

Ukienda kwa fundi, vaa shati na viatu vile vile utakavyovaa na suti hiyo. Mwombe abane kwa pini, utembee na uketi nayo, ndipo ashike mkasi.