Kabla ya kugusa mfumo, nenda stoo

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuwawekea wafanyabiashara mifumo ya mtandaoni, nimewatazama msimu huu. Mnafika kwa mteja, mnaomba nywila ya Wi-Fi, mnajifungia na mhasibu hadi jioni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza stoo iko wapi. Nawapenda, ndiyo maana sinyamazi. Odoo na ERPNext, programu za kuendeshea biashara, mnazijua vizuri, pengine kunishinda. Biashara ya mteja ndiyo hamuijui, na programu haitawafundisha.

1. Vipimo kwanza. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tulipomuumiza mtu.

Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi, Industrial Area, Nairobi. Linanunua nondo kwa tani na kuziuza kwa kipande cha mita 12. Timu yetu ilipoandaa orodha ya bidhaa, tuliweka kwamba tani moja ni vipande 135. Namba hiyo ilikuwa na msingi: nondo ya Y10, yaani yenye unene wa milimita 10, ina takriban gramu 617 kwa mita, kipande kizima kinakuwa kilo 7.4, na ukigawanya tani unapata 135. Kisha mtu akaburuta ile seli ya Excel hadi chini, na Y8 na Y12 zikabeba namba ileile. Kumbe kipande cha Y12 kina kilo 10.66, kwa hiyo tani yake haifiki hata vipande 94. Y8 nayo inatoa karibu 211. Faili ilipita mikononi mwetu sote. Tuliona safu imejaa, tukaipakia.

Mfumo haukulalamika. Kila tani ya Y12 ikipokelewa, stoki ilipanda kwa vipande 41 hivi ambavyo havikuwahi kushuka kwenye lori. Gharama nayo ikapotoka. Tuseme tani imenunuliwa kwa shilingi 100,000: kila kipande kimegharimu kama 1,066, lakini skrini inasoma 741. Kijana wa kaunta anampunguzia fundi hadi 1,000 akiamini duka limepata faida nzuri, na kila kipande kinatoka na hasara. Upande wa Y8 stoki ikaanza kusoma chini ya sifuri. Badala ya kuuliza kwa nini, tukauruhusu mfumo uendelee kuuza hata stoki ikiwa hasi, ili foleni isisimame.

Mwisho wa mwezi wakahesabu mali. Y12 ikapatikana pungufu kwa mamia ya vipande. Mwenye duka hakushuku mfumo mpya alioulipia pesa nyingi. Alimshuku mzee wa stoo, mtu aliyekuwa naye tangu duka likiwa kibanda. Akamwambia akae nyumbani.

Mzee alikabidhi funguo pamoja na kaunta buku lake, lililofungwa kwa mpira kwa sababu jalada lilikuwa limeachia. Ndani yake kila lori lilikuwa na mstari: tarehe, saizi, bando ngapi, vipande vingapi kwa kila bando, na saini ya dereva. Hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kuomba kuliona. Tulipokaa nalo na kuondoa mauzo, hesabu yake ilikubaliana na nondo zilizolala yadini, saizi kwa saizi. Alipoitwa kutueleza hakupandisha sauti. "Mwanangu," akaniambia, "tani ni tani, lakini nondo hazilingani. Mngeniuliza."

Alirudishwa kazini. Mwenye duka alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, nasi tukafuata. Hata hivyo majirani walikuwa wameshasikia kwamba amefukuzwa kwa wizi, na radhi yetu haikufika huko mtaani kwake.

Kwa hiyo kila bidhaa inayonunuliwa kwa kipimo kimoja na kuuzwa kwa kingine, iwe nondo, misumari, nyaya au rangi, ihesabuni kwa mikono pamoja na mtu wa stoo. Na ruhusa ya stoki hasi izimwe tangu siku ya kwanza.

2. eTIMS, mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, si mahali pa kufanyia mazoezi. Mazingira ya majaribio yapo, tumieni hayo. Invoisi ikishafika KRA haifutiki, inarekebishwa kwa krediti noti, hati ya kupunguza au kutengua invoisi. Ile uliyotuma "kuona kama inapita" inamfanya mteja wako aonekane anadaiwa VAT ya asilimia 16 kwa mauzo ambayo hayakufanyika, na tarehe 20 ya mwezi unaofuata, siku ya mwisho ya kuwasilisha na kulipa VAT, haimngoji. Msisahau upande wa manunuzi: tangu Januari 2024, kwa kawaida matumizi yasiyo na invoisi ya eTIMS hayakubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato.

3. Salio la kuanzia, yaani mali, pesa na madeni ya siku ya kuhamia mfumo mpya, lisainiwe na mhasibu wa mteja kabla hujaliingiza.

4. Mishahara. Endesheni mwezi mmoja sambamba na njia ya zamani, mlinganishe hati ya kila mfanyakazi hadi senti. SHIF, makato ya bima ya afya ya asilimia 2.75, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024, na bado nakuta mipangilio yenye majedwali ya NHIF, imenakiliwa kutoka kwa mteja mwingine. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Mara nyingi hii ya mwajiri ndiyo inayosahaulika, kwa sababu haionekani kwenye mshahara wa mtu.

5. M-Pesa. Mmezoea kuandika kwamba mlipaji ataweka namba ya invoisi kwenye sehemu ya akaunti ya Paybill, namba ya biashara ya kupokelea malipo. Hataiweka. Ataandika jina lake, jina la mtoto, au "simiti". Dada mmoja wa hesabu kule Kirinyaga Road aliniketisha akanionyesha namna anavyowatambua walipaji: kwa kiasi, kwa saa, na kwa kujua nani hutuma kupitia simu ya mkewe. Ujuzi huo uandikeni, muuingize katika kanuni za kulinganisha malipo, na muda wake mwulipie kama wa mtaalamu mwingine yeyote.

6. Kila mtu awe na akaunti yake ya kuingilia. Ile moja ya "admin" inayotumiwa na kaunta nzima itawanyima jibu siku mtu atakapouliza nani alibadilisha bei.

Wanaoanza kwa wateja wapya Jumatatu, faili ya vipimo nitumieni kabla ya kuipakia, hata ikiwa saa nne usiku. Nitaipitia mstari kwa mstari, na nitawauliza jina la mtu wa stoo mliyehesabu naye.