Tafuta Jumapili mbili

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ukipewa siku saba katika mji mkuu mmoja wa Amerika Kusini, na haja yako ni utamaduni, utazipanga vipi? Mimi nasema Montevideo, Uruguay. Nilikwenda Februari ya mwaka juzi, na nusu ya mpango wangu niliitupa siku ya pili tu.

Kosa langu lilikuwa kuanza na makumbusho. Nilikaa Tanga na daftari, nikazigawa siku kama ratiba ya shule: Jumatatu hapa, Jumanne pale. Jumatatu yenyewe nikakuta mlango umefungwa. Leo ningeanza na Jumapili jioni, mengine yafuate. Tena ningetafuta Jumapili mbili: ufike Jumapili asubuhi, uondoke Jumatatu ya wiki inayofuata. Najua siku zimezidi saba, mtanivumilia.

Jumapili jioni, katika mitaa ya Barrio Sur na Palermo, wapiga ngoma hutoka nje. Ngoma yao inaitwa candombe, iliyoanzishwa na Waafrika waliopelekwa kule utumwani, na mwaka 2009 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi usioshikika. Nilifika mapema, nikakuta hakuna anayepiga. Kulikuwa na moto kando ya barabara, wa maboksi na vipande vya mbao, na ngoma zimelazwa kuuzunguka, nyuso zimeuelekea. Mzee mmoja akainama, akaigonga moja kwa kidole, akasikiliza, akaizungusha kidogo, akairudisha pale pale.

Nikaduwaa. Marehemu baba alikuwa mpiga ngoma za harusi, na kazi yangu utotoni ilikuwa kuokota makuti makavu ya kukanzia ngoma. Kugonga kule kwa kidole nakujua. Kihispania cha kumweleza sikuwa nacho, nikamwonyesha kwa mikono. Akacheka, akanisogezea boksi nilichane nitie motoni.

Ngoma zao ni tatu. Chico ni ndogo, sauti yake kali, na haibadilishi neno lake tangu mwanzo hadi mwisho. Repique ndiyo mchokozi. Piano, ambayo haihusiani na kinanda, ni kubwa, ndiyo vumi yao, yenye sauti nzito. Kila mpigaji ameivaa yake kwa mkanda begani, mkono mmoja una kijiti, mwingine mtupu. Wanakwenda hatua fupi fupi, na watu wanafuata. Nawe fuata, lakini kaa pembeni, usikatize katikati ya ngoma kwa ajili ya picha.

Ukiweza kwenda Februari, kuna Llamadas, maandamano makubwa ya ngoma katika barabara ya Isla de Flores. Humo utamwona mhusika aitwaye Gramillero, mganga mzee mwenye ndevu nyeupe, kofia ndefu na mkoba wa mitishamba, anayecheza huku akitetemeka, na mwenzake Mama Vieja na upepeo wake wa mkononi. Mvua ikinyesha huahirishwa, kwa hiyo usikate tiketi ya kuondoka kesho yake.

Katikati ya wiki sasa nenda makumbusho, ukiwa umeshasikia ngoma. Kwanza Museo Figari, mjini kale. Pedro Figari alikuwa mwanasheria, akaishia kuchora candombe ya watu weusi wa zamani, masuti na magauni kwenye nyua. Pili, tembea ulipokuwapo Mediomundo, jengo la vyumba vya kupanga ambalo familia nyingi za wapiga ngoma ziliishi. Utawala wa kijeshi uliwahamisha watu tarehe 3 Desemba 1978, kisha jengo likavunjwa. Tarehe hiyo sasa ndiyo siku ya kitaifa ya candombe. Teatro Solís ya mwaka 1856 ni nzuri, saa moja inatosha.

Uwanja wa Centenario, uliochezewa fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia mwaka 1930, nilidhani ni wa wapenda mpira tu. Lakini kiungo wa mabingwa wale alikuwa José Leandro Andrade, mtu mweusi, na mpira haukumzuia kupiga ngoma za kanivali.

Jambo lililonikaa zaidi nililijua kwa kusoma. Meli za watumwa zilizotia nanga Montevideo hazikutoka Angola na Kongo peke yake, nyingine zilitoka Msumbiji. Waliofika walijikusanya kwa asili zao, na mojawapo ya makundi hayo liliitwa Msumbiji. Kwa hiyo sisi wa pwani hii tusijione wageni kabisa pale penye moto.

Chakula: chivito maana yake mbuzi mdogo, lakini usidanganyike. Ni mkate wenye nyama ya ng'ombe, yai, jibini na, mara nyingi, nguruwe wa aina mbili. Asiyekula kitimoto aseme mapema, “sin jamón ni panceta.” Nao watu wote wanatembea na chupa ya chai kwapani na kibuyu mkononi; wanakunywa kinywaji kiitwacho mate (si mate ya mdomoni), cha majani machungu, kwa mrija wa chuma. Ukikaribishwa, kunywa hadi kiishe, urudishe. Ukisema “gracias” wakati wa kurudisha, umesema umetosheka, hupewi tena. Mimi nilishukuru kwa adabu ya kwetu mara ya kwanza, nikabaki nawaangalia wenzangu wakinywa.

Safari: nilipitia Addis Ababa hadi São Paulo, nikaunganisha. Habari ya viza iulize kabla ya kulipa nauli, na kadi ya homa ya manjano iweke ndani ya pasipoti.

Jumapili ya pili, asubuhi nilizunguka gulio la Tristán Narvaja, vitabu vya zamani kando ya masufuria na vitasa vya milango. Jioni nikarudi pale pale. Mzee alinikumbuka. Safari hii hakunipa boksi. Alinipa chico yake niikanze, akaenda zake kununua sigara.