Mirija ya nyongo ikiugua, kongosho nalo liko hatarini?

Daktari, nina PSC, ugonjwa wa mirija ya nyongo kuvimba na kujaa makovu. Nimesoma kwamba utanisababishia saratani ya kongosho. Ni kweli?

Hatari ipo, ila kongosho silo ningelitazama kwanza. Saratani inayowaandama zaidi wenye PSC ni ya mirija ya nyongo yenyewe. Takriban mgonjwa 1 kati ya 10 huipata maishani, na kati ya theluthi na nusu yao hugunduliwa nayo ndani ya mwaka wa kwanza baada ya PSC kubainika. Ndiyo maana nasisitiza uchunguzi uanze mapema, hata kama unajisikia mzima.

Kuhusu kongosho, utafiti wa Sweden wa mwaka 2002 ulikuta saratani hiyo kwa wenye PSC mara 14 zaidi kuliko kwa watu wengine. Namba hiyo inatisha, nakubali. Lakini saratani ya kongosho ni adimu, kwa hiyo hata ikizidishwa hivyo, wenye PSC walio wengi hawaipati. Tena mfereji mkuu wa nyongo hupita ndani ya kichwa cha kongosho, na uvimbe ukiota hapo si rahisi kujua umeanzia kwenye kiungo kipi.

Nipimwe nini, na kila baada ya muda gani?

Picha ya MRI ya mirija, au altrasaundi, kila mwaka. Altrasaundi hukagua pia mfuko wa nyongo, kwa sababu kinyama kinachoota humo kwa mwenye PSC hakipuuzwi. Kipimo cha damu cha CA 19-9 kisikupe hofu wala faraja kikiwa peke yake: huweza kupanda kwa sababu tu mirija imeziba, na wapo watu ambao miili yao haitengenezi kabisa kemikali inayopimwa humo. Kama una vidonda vya utumbo mpana, jambo la kawaida kwa wenye PSC, fanya kolonoskopi, kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana, kila mwaka 1 au 2.

Mume wangu macho yamekuwa manjano, anajikuna, mkojo umekuwa mweusi. Hana maumivu, anasema tusubiri.

Dada, msisubiri. Manjano yasiyo na maumivu ni mojawapo ya njia ambazo saratani ya kongosho au ya mirija hujitokeza. Mpeleke hospitali wiki hii, na umweleze daktari kama amekonda, kinyesi kimepauka, au kisukari kimemwanza karibuni. Akipata homa na kutetemeka kwa baridi, mpeleke saa hiyo hiyo. Huenda mirija imepata maambukizi, nayo huua haraka.

Baba aliambiwa ana uvimbe kwenye kongosho. Sasa wanasema si saratani, wanampa steroidi, zile dawa za kutuliza kinga. Tuwaamini?

Inawezekana kabisa. Upo ugonjwa wa kinga unaohusiana na IgG4, aina ya kingamwili, ambao huvimbisha kongosho na kubana mirija ya nyongo hadi ukafanana sana na saratani. Kwa kawaida steroidi huupunguza ndani ya wiki chache. Ulizeni kama kipande cha nyama kilichukuliwa na kupimwa, na lini picha itarudiwa. Uvimbe usipopungua, utambuzi huo uangaliwe upya.

Navuta sigara kidogo tu. Ina uhusiano?

Inao. Sigara huongeza hatari ya saratani ya kongosho, na kwa mwenye mirija yenye makovu nisingeruhusu hata hiyo kidogo. Mwombe daktari wako akusaidie kuacha.