Maswali yenu kuhusu kranberi, nayajibu leo

Tangu niseme kibarua changu cha msimu ni kwenye shamba la kilimo hai la kranberi, yale matunda madogo mekundu machachu, huku Cape Cod, Massachusetts, Marekani, maswali hayaishi. Haya twende.

Hivi zinaota ndani ya maji? Mbona kwenye picha watu wamesimama kwenye bwawa jekundu?

Hapana bwana, hiyo ni siku ya mavuno tu. Mmea wenyewe unatambaa chini kama matembele, kwenye mchanga na mboji yenye asidi, pH 4 hadi 5.5 hivi, na msimu wote wa kukua uko nchi kavu. Shamba limezungushiwa tuta, sasa ikifika mwezi wa 9 mwishoni au wa 10 wanafungulia maji, mashine inapita inakoroga, matunda yanachomoka yanaelea yenyewe, ukikata moja katikati utaona vyumba vinne vya hewa, ndo maana. Afu tunazungushia maboya tunazisogeza mpaka kwenye pampu. Hizo ni za juisi, sosi na kukausha. Za kuuza mbichi zinavunwa kavu, maana ikishalowa haikai.

Bila dawa mnapambanaje na wadudu?

Kwa maji na mchanga, basi. Katikati ya mwezi wa 4 shamba linafurikishwa tena kama mwezi mzima, inapunguza viwavi wanaotoboa tunda, utitiri, na hata ugonjwa wa kuoza. Ila huwezi kufanya kila mwaka, mmea unachoka mavuno yanashuka, na maji yakipata joto mapema inabidi uyatoe haraka.

Mchanga ndo utamu wenyewe. Baridi ikikaza maji juu ya shamba yanaganda, gari linapanda juu ya barafu linamwaga mchanga, barafu ikiyeyuka mchanga unashuka taratibu unafukia wadudu na mbegu za magugu na vikonyo vinatoa mizizi mipya. Hiyo haikutoka chuo kikuu. Mwaka 1816 mkulima mmoja wa Dennis, hukuhuku Cape Cod, Henry Hall, aliona pale upepo ulipopuliza mchanga juu ya kranberi zake zinazaa zaidi, akaanza kuumwaga kwa makusudi. Shida miaka mingine barafu haikazi vizuri, wanatumia boti bapa.

Magugu ni mikono yako. Kuna moja la nyuzi za njano, linafanana na mlangamia wa kwetu Pwani, linanyonya mmea, ukiliona unakata pamoja na tawi lililoshikwa kabla halijatoa mbegu.

Na buibui hatuwaui, wanatusaidia kula wadudu. Sasa siku ya kufurikisha wote wanatafuta pa kupanda na kilichosimama pale ni wewe, wanapanda kifuani mpaka shingoni, unatulia tu unaendelea na kazi.

Niko Tanga, shamba langu liko karibu na bahari. Naweza kupanda?

Kaka usipoteze hela. Kranberi inataka baridi kali, masaa zaidi ya 1,000 chini ya nyuzi 7 hivi, bila hiyo haitoi maua ya maana. Na bahari haiisaidii, maji ya chumvi yakiingia shambani ni hasara, yale tunayotumia ni ya mabwawa yasiyo na chumvi. Ukitaka kitu chekundu kichachu, panda choya, inakubali joto lenu na unavuna mwaka huohuo, wakati kranberi unasubiri kama miaka mitatu.

Mke wangu ana UTI, nimnunulie juisi yake?

Mpeleke akapime apewe dawa. Kranberi haitibu UTI iliyokwisha kuingia, kinachoonekana kwenye tafiti ni kwamba inaweza kupunguza kujirudia kwa baadhi ya wanawake. Na juisi nyingi za dukani ni sukari tupu. Kama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee na daktari kwanza.

Kazi zipo? Waafrika wapo?

Waafrika wapo zamani sana dada. Watu wa visiwa vya Cape Verde walianza kuja karne ya 19 mwishoni, wakavuna mashamba haya wamepiga magoti na masanduku ya mbao yenye meno kama kitana, na baadhi wakaja kununua mashamba yao. Siku hizi mashine imekula vibarua vingi, zimebaki wiki chache za vuli, na wengi wanaingia kwa kujuana na mwenye shamba. Ukipata, omba ovaroli ya mpira inayofika kifuani, buti peke yake maji yanaingia na hayo maji ya mwezi wa 10 mwishoni yanauma mifupa.