Ukiwa na saa kumi Muscat, usizimalizie uwanjani

Mara ya kwanza nilipopita Muscat, mji mkuu wa Oman, nililala kwenye viti vya uwanja wa ndege kwa saa kumi na moja. Nilikuwa natoka Dar es Salaam naelekea London kwa dada yangu aliyekuwa amejifungua, na sikujua kama mtu anayeunganisha ndege anaweza kutoka nje. Niliamka shingo imekakamaa, nikanunua chai, nikakaa kuitazama milima kupitia kioo: mawe matupu, hakuna hata mti. Nilipofika, shemeji akaniuliza kuhusu mtaa wa zamani wa bandari na soko mle Muscat: "Muttrah umeiona?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo nimepita mara mbili zaidi na zote nimetoka, na namwandikia haya yeyote anayepanga safari kama ile.

Anza na visa, kabla hata hujalipia tiketi. Masharti yanategemea pasipoti uliyonayo na hubadilika, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya polisi wa Oman, ambao ndio wanaotoa visa. Usitegemee maneno ya mtu aliyepita mwaka juzi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti. Na siku ya kuondoka nyumbani, muulize anayepokea mizigo kaunta kama sanduku lako linakwenda moja kwa moja hadi mwisho wa safari. Kama tiketi zako ni mbili tofauti, huenda ukalazimika kulichukua mwenyewe Muscat, na sanduku la kilo ishirini na tatu si la kuzunguka nalo sokoni.

Kisha hesabu saa zako kinyumenyume, kuanzia ndege inapoondoka. Tuseme inaondoka saa kumi na mbili jioni. Mimi nataka saa tisa niwe nimesharudi uwanjani. Kutoka Muttrah ni kama dakika arobaini kwa teksi, naongeza ishirini kwa sababu barabara ya Sultan Qaboos hujaa magari, basi saa nane kamili niwe nimeshakaa garini. Kama nimetua saa mbili asubuhi, hadi nimalizane na uhamiaji ni saa tatu. Zinabaki saa tano, na safari ya kwenda mjini imo humo humo. Kama kusubiri kwako kote hakufiki saa saba, kaa uwanjani upumzike. Kutembea roho ikiwa juu hakuna raha. Na usisahau kuwa Oman iko mbele yetu kwa saa moja, rekebisha saa yako ukiwa bado kwenye ndege.

Mara ya pili nilipopita nilitoka, lakini nilitoka vibaya. Niliingia Muttrah saa saba na nusu mchana, mwezi wa sita, nikakuta milango ya maduka imeteremshwa safu nzima. Soko hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena jioni, na Ijumaa asubuhi ndiyo usiseme. Nilikaa kivulini pembeni ya bahari, joto limepita digrii arobaini, hadi muda wangu ukaisha. Kwa hiyo, ukiweza kuchagua ndege, chagua inayotua alfajiri au asubuhi, au inayokuachia jioni yote. Ya mchana katikati iache.

Mara ya tatu nilifika asubuhi, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Kituo cha kwanza kiwe Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, kwa kuwa uko njiani. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia asubuhi, saa mbili hadi saa tano, siku zote isipokuwa Ijumaa. Mwanamke ajifunike nywele, mikono na miguu hadi chini. Mimi nilikuwa na kanga mbili kwenye mkoba na zilinitosha kwa kila kitu siku ile, hata mto wa kulalia kwenye ndege. Msikiti ulifunguliwa mwaka 2001. Ndani ya ukumbi mkubwa kuna zulia la kipande kimoja, mita 70 kwa 60, lililofumwa na wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne. Niliinama nikalitazama kwa karibu: ua moja dogo, kama kiganja cha mtoto, lina rangi nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Nusu saa inatosha humo, hata kama moyo unataka kubaki.

Halafu Muttrah, na hapa ndipo ushauri wangu wote ulipo: chagua eneo moja, ulitembee kwa miguu. Jumba la Makumbusho la Taifa, lililofunguliwa mwaka 2016 mbele ya kasri ya Al Alam, linasifiwa sana, lakini linataka muda wake peke yake. Nimeliacha na sijuti. Muttrah ina bandari yenye majahazi, nyumba nyeupe zenye roshani zilizojipanga kuifuata bahari, na kwenye kilima cha Riyam kuna chetezo kikubwa cheupe kilichojengwa kama mnara. Ukiuvuka mlango wa soko, jua linakatika. Vichochoro vina paa la mbao, na harufu ya ubani inakupokea kabla macho hayajazoea giza. Ubani wenyewe hutoka Dhofar, kusini mwa nchi, kama ulivyotoka enzi za mababu.

Nilisimama kwenye duka la kofia. Wao huziita kummah, na mtu wa Unguja akiziona atasema ni kofia za viua, maana ni kazi ile ile ya sindano, vitobo vile vile vilivyozungushiwa uzi. Nilikuwa naongea na mama kwa simu, namweleza bei. Nilipokata, mzee mwenye duka akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Wa wapi wewe, mwanangu?"

"Shikamoo. Wa Tanga, mzee."

"Marahaba. Mimi nimezaliwa Malindi, Unguja. Kaa, unywe kahawa."

Nilikaa. Yeye alizungumza, mimi nikasikiliza, akataja mitaa ya Mji Mkongwe mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehesabu tasbihi. Waomani wengi waliokuwa Zanzibar waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 aliwaita waliotawanyika warudi kuijenga. Ndiyo maana Kiswahili utakisikia Muscat, dukani, ofisini, hata kwenye teksi. Kwa hiyo usijikaze na Kiingereza cha kukopa. Salimia kwa Kiswahili uone.

Kwa saa iliyobaki nilichukua teksi hadi Muscat ya zamani, kilomita chache tu kutoka pale. (Patana bei kwanza. Rial moja ni baisa 1,000, na rial ni pesa nzito, usitaje namba kwa pupa.) Kuna ngome mbili juu ya majabali, Mirani na Jalali, zinazoitazama ghuba moja kutoka pande mbili. Wareno waliuteka mji mwaka 1507, wakazijenga ngome hizo miaka ya 1580. Niliwahi kupelekwa Fort Jesus, kule Mombasa, nikiwa darasa la saba, na niliposimama chini ya Mirani nilihisi nimeshapaona: ukuta ule ule unaoota kutoka kwenye mwamba, bahari chini yake. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Waomani waliwafukuza Wareno Muscat mwaka 1650, kisha wakawafuata hadi Mombasa, na baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu ngome ikaanguka mwaka 1698. Shuleni nilifundishwa mwisho wa kisa hicho. Mwanzo wake niliuona kwa macho siku ile, kati ya ndege mbili.

Saa nane kamili nilikuwa garini, kama nilivyopanga.

Jambo moja kuhusu zawadi. Nilitaka kubeba halua, ile ya Oman, ya samli na zafarani, inayong'aa ikiwa bado ya moto. Yule mzee wa kofia ndiye aliyenizuia: halua ni laini, na kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi wanaweza kuihesabu pamoja na vimiminika. Akamtuma kijana duka la pili, ikaletwa kwenye kisahani, tukaila pale pale na ile kahawa. Akaniambia, "Mama mpelekee ubani. Huo hakuna atakayekunyang'anya." Nikampelekea nusu kilo. Mama huuchoma Alhamisi baada ya magharibi, na juzi amenipigia kuuliza ni lini napita tena huko, maana kopo linakaribia kuisha.