Wapiganaji wa Mungu wa Jua: Rungu Husamehe, Nuru Haisamehi

Dada mmoja wa Makorora ametuandikia kwa uchungu. Kundi lake la mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, Dungeons & Dragons limesambaratika. Wachezaji wawili walichagua kuwa watumishi wa Pelor, mungu wa jua na uponyaji, na kila kikao kikaishia kwa mateka kuchinjwa "kwa jina la nuru". Wenzao wakachoka, wakaacha kuja. Anauliza: mungu mpole awezaje kuwa na askari wakali bila mchezo kugeuka machinjio?

Inawezekana, dada, na tena ni moja ya mambo matamu kuliko yote katika michezo hii. Kosa ni pale msimamizi, yule anayesimulia na kuendesha mchezo, anapouacha upole wa mungu ukae kwenye karatasi ya maelezo tu, usiguse dadu hata mara moja. Mchezaji hufuata kinacholipa. Kama kuua kunalipa na huruma hailipi wala haina gharama yoyote, ataua.

Anzia kwenye silaha. Katika toleo la tatu la mchezo, lililotoka mwaka 2000, silaha aipendayo Pelor ni rungu. Hiyo si pambo. Kwa kanuni za 2014, mtu akimfikisha adui kwenye pointi sifuri za uhai kwa pigo la karibu, anaweza kuamua papo hapo kwamba amemlaza tu, hakumuua. Mshale hauna hiari hiyo. Sacred Flame, ule moto wa nuru ambao makasisi wengi huutupia kila zamu, nao hauna. Maana yake kasisi anayetaka kumsamehe jambazi lazima aache nuru yake, asogee, asimame mbele ya panga na apige kwa mkono. Huruma inamweka hatarini, na hapo ndipo mhusika anapoanza kuonekana ni mtu wa aina gani.

Basi kila adui akifika sifuri kwa pigo la karibu, msimamizi aulize: "Umeua au umelaza?" Uliza KABLA hujasimulia. Wasimamizi wengi hukimbilia kusimulia kichwa kikibingirika, halafu mchezaji anaona haya kusema alitaka kumwacha hai. Mwezi mzima wa mateka kuuawa unaweza kuwa umetokana na mdomo wa msimamizi, si ukatili wa wachezaji.

Kisha weka majeruhi uwanjani. Kwa kanuni hizo hizo za 2014, paladini (askari mtakatifu) wa ngazi ya 5 ana nafasi 4 za kutumia nguvu za daraja la kwanza na 2 za daraja la pili, basi, mpaka alale usiku mzima. Nafasi ya daraja la kwanza inaweza kuongeza pigo lake kwa dadu 2 za pande 8 za madhara ya nuru, au kumtibu mtu kwa dadu 1 ya pande 8 pamoja na nyongeza yake ya haiba. Hazina ni ile ile, lazima achague. Ana pia pointi 25 za uponyaji wa mikono, na pointi 1 tu yatosha kumwinua aliyeanguka, lakini kuitumia kunakula tendo lake la zamu hiyo, yaani mapigo mawili. Kwa kila maadui wanne, weka mvuvi au mchuuzi mmoja aliyelala chini akivuja damu, mpe zamu 3 za kuishi, na uzihesabu kwa sauti. Ukiweka majeruhi wengi kuliko hapo wachezaji hukata tamaa, huwaacha wote wafe.

Ukali wao nao upe mahali pake halali. Misukule ndiyo mahali penyewe. Kwenye kanuni za 2014 msukule ana pointi 22 za uhai, na ukimfikisha sifuri bado ana nafasi ya kurusha dadu ili abaki amesimama na pointi 1. Nafasi hiyo hufutwa na mambo mawili tu: pigo la bahati kuu (dadu ya pande 20 ikionyesha 20), au madhara ya nuru. Mwanajeshi wa kawaida anaweza kumkata msukule yule yule mara tatu. Mtumishi wa jua anamwangusha mara moja na harudi. Mwache mchezaji alione hilo kwa macho: msukule wa kwanza apigwe na mwenye upanga, ainuke, wa pili apigwe kwa nuru. Hutahitaji hotuba ya kueleza kwa nini watu wa kijiji wanawapenda hawa askari.

Vampaya ni vivyo hivyo, ila hapa wengi hukosea. Kwa kanuni za 2014, vampaya kamili ana pointi 144 za uhai na hujirudishia 20 kila zamu. Akianza zamu yake ndani ya mwanga wa jua hupoteza 20, hajirudishii kitu, na akifika sifuri hawezi kugeuka ukungu akatoroka. Lakini nguvu ya uchawi iitwayo Daylight katika kitabu cha 2014 ni mwanga mkali tu, si mwanga wa jua, haimuunguzi. Katika toleo la 2024 imekuwa mwanga wa jua. Kubalianeni kabla ya kikao mnafuata kitabu kipi.

"Tushikilie mpaka kuche" ni tukio tamu, na huharibiwa na hesabu. Zamu moja ni sekunde 6, kwa hiyo zamu 10 ni dakika moja tu. Kwetu Tanga kutoka macho yaanze kuona vizuri nje mpaka jua kuchomoza ni dakika 20 na ushee. Hizo ni zaidi ya zamu 200, na pambano la kawaida mara nyingi halizidi zamu tano. Gawanya usiku kwa zamu za ulinzi za saa mbili mbili, kila moja na tukio lake, na zamu za dadu zitumike kwenye pambano la mwisho tu.

Lugha yetu imeshakupangia vyeo vya kundi. Macheo ni waganga na wapokeaji wa wakimbizi. Utosi ni wapiganaji, watu wa jua la saa sita lisiloacha kivuli. Machweo huzika wafu na kuamua hatima ya mateka. Wote watatu wanamtumikia mungu mmoja na hawapatani: Utosi anasema adui aliyesamehewa atarudi usiku, Macheo anasema ndiye atakayetuonyesha njia ya kaburi la vampaya. Wote wana hoja. Mkimfanya Utosi mjinga au mwendawazimu, mmelipoteza kundi lote.

Na jamani, tuheshimu mezani. Msitumie maneno ya ibada za kweli. Hakuna swala wala misa. Iite nyumba yao Nyumba ya Macheo. Mchezaji aseme "mhusika wangu anaomba", yatosha, asitamke dua. Adhana ikisikika, dadu chini.

Mkikosa dadu za pande nyingi, chukueni visoda 20, viandikwe namba kwa ndani na kalamu ya wino usiofutika, vitiwe kwenye mfuko wa kitambaa. Toa, soma, RUDISHA, tikisa. Asiyerudisha anaharibu uwiano, na kwenye dadu mbili za pande 8 (visoda namba 1 hadi 8 tu) hatapata kamwe namba mbili zinazofanana. Kisoda kilichopindwa na kifungulio kitupwe, maana vidole hukitambua.

Dada wa Makorora, waite tena wale wawili. Anza kikao na mateka watatu walio hai, wamefungwa, mmoja ana homa. Utosi anataka kuwamaliza kabla jua halijachwa, Machweo hajafika, na paladini amebakiwa na nafasi moja.